Kinyozi Nusu

Kila alipotoka shule, binti kitindamimba wa kinyozi alipitia dukani kwa baba yake, akafagia nywele, kisha akajibwaga kwenye benchi la wateja na kutoa daftari. Hakuwa akifanya hesabu. Alikuwa akichora katuni za kumkejeli baba yake.

Mzee alikuwa ameanza kusahau. Aliweza kumnyoa mtu upande mmoja, akakung'uta kitambaa na kumwita anayefuata. Mama alieleza mara mbili kwamba daktari amesema ni ugonjwa wa ubongo, si uzembe. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kwa binti huyo, baba alikuwa mtu mzima ovyo, aibu ya mtaa mzima. Akambandika jina la Kinyozi Nusu, akamchorea kichwa kama boga na mdomo wazi.

Darasani daftari lilipita dawati hadi dawati. Wenzake wakamwita Msanii, naye akavimba kichwa. Sifa zenyewe za ovyo, kutoka kwa watoto wasiojua hata kufunga kamba za viatu vyao! Kumcheka mgonjwa hakuhitaji kipaji. Mpumbavu yeyote anaweza.

Alasiri moja mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Mzee akazima mashine, akaja kuketi benchini, akaliokota daftari kabla binti hajalificha. Alicheka hadi akafuta machozi. Binti akashusha pumzi, maana baba hakujitambua kwenye picha hata kidogo. Halafu kicheko kikakatika.

"Huyu mzee ni mgonjwa," alisema. "Hana mtoto?"

"Anaye. Binti."

"Mbona simwoni humu?"

Akarudi ukurasa wa kwanza, akafuata picha moja moja kwa kidole. Wateja walikuwamo, wanaocheka walikuwamo, hata mbwa alikuwamo. Mzee akafyonya.

"Basi huyo ni binti jina tu. Baba yake anahangaika, yeye hata kumgusa bega hawezi. Hafai huyo."

Baba hakuwahi kumsema hivyo tangu azaliwe. Binti aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye? Sasa umekaa hapa unafanya nini? Mzazi akiugua hachekwi, anasaidiwa. Nenda kwa baba yako."

Binti akasimama, akamshika mkono, akamrudisha kwa mteja aliyekuwa ameanza kuguna. Akawasha mashine, akamkabidhi.

"Bado upande huu, baba."

Mzee akanyoa taratibu, kwa mkono uliokuwa bado unaijua kazi yake. Kila alipotaka kukung'uta kitambaa, binti alimgusa bega na kumwonyesha palipobaki. Mteja akatoka amenyolewa kichwa kizima, akaomba radhi kwa kuguna kwake.

Mzee akamgeukia msaidizi wake, uso umemchangamka.

"Ukifika kwenu," alimwambia, "mwambie baba yako ana binti."