Picha Iliyokatika Katikati

Saa kumi na mbili jioni nilirudi ofisini kwangu, Thika mjini, kuchukua mwavuli. Ningejua, ningekubali kunyeshewa.

Mwaka ule wa 1998 kazi yangu ilikuwa kuchapa vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu juu, wasifu chini. Rafiki yangu Kaleli alinipa programu kwenye disketi. Ilijiingiza yenyewe kwenye makundi ya mtandao kupitia laini ya simu, ikashusha picha na kuzipanga kwenye folda. Mimi nilitaka maua tu, ya kupamba vijitabu. Maua yakaja. Halafu ikaja folda yenye jina la Jeconia, mzee wa mtaa wa pili, na sura yake ndani. Siku ya tatu wanawe wakaniletea picha ileile ya kijitabu cha mazishi yake, wakilia.

Ikatokea tena. Na tena.

Unafikiri niliizima? Uvivu ni kitu kibaya, ndugu yangu. Nilifurahi kwamba sihitaji tena kuskani picha za marehemu.

Jioni ile nilikuta modemu ikilia peke yake gizani... kriii... kriii...

Folda mpya. NGENDO.

Mama yangu, kule Ruiru, anaitwa Ngendo. Binti yangu wa miaka sita tulimpa jina hilohilo, kama desturi yetu ilivyo.

Picha ilishuka mstari kwa mstari. Kitambaa cha kichwa, cha bluu, chenye maua meupe. Cha mama. Kisha paji la uso... Nikachomoa waya wa modemu kabla picha haijafika machoni, nikapiga simu kwenye duka la jirani yake. Wakamwita.

"Njau? Ngai, kwani kuna nini? Mimi niko sawa."

"Mama, kile kitambaa chako cha bluu kiko wapi?"

"Si niliachia mtoto Jumapili? Alikataa kukitoa."

Nilikimbia hadi nyumbani Kamenu bila kufunga mlango wa ofisi. Niliogopa, nasema wazi. Nililia njiani watu wakinitazama.

Mke wangu Idah alikuwa mlangoni akichagua maharagwe.

"Ngendo yuko wapi?"

"Mbona unahema hivyo? Yuko nyuma, anapigwa picha."

"Na nani?"

"Yule mpiga picha aliyekuja Jumapili. Anasema ile ya kwanza imekatika katikati, hata machoni haikufika. Kwani si wewe ulimtuma? Amekutaja jina. Amesema mnafanya kazi pamoja."

Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu mzima yeyote. Palikuwa na harufu tu, ya nywele zilizoungua. Ngendo alisimama peke yake ukutani, kitambaa kichwani, kidevu juu, akitazama mbele bila kupepesa.

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Shh, Baba," akanong'ona. "Amesema nisisonge. Imebaki kidogo."