Asubuhi Bila Bendera

Kila asubuhi mlinzi wa bustani alifanya mambo yale yale. Alifungua geti la upande wa maji, akafukuza ndege waliolala juu ya viti, kisha akapanda ngazi ya kibanda cha hewa kwenda kuifuta vumbi mashine ya kupimia hewa. Akimaliza, alikaa chini ya mlingoti akisubiri mtabiri wa hewa amwambie apandishe bendera gani: kijani kama hewa itakuwa safi, manjano kama ina shaka, nyekundu kama watu wakae mbali.

Asubuhi hiyo alipanda na kitambaa chake mkononi, akaduwaa. Mashine haikuwapo.

"Wezi!" alipiga yowe. Ndege aliokwisha kuwafukuza wakaruka mara ya pili.

Inspekta alifika jua likiwa bado changa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa kasi. Nyuma yake sajenti, mrefu kama mlingoti, alihema.

"Taratibu, afande! Mimi ndiye mwenye miguu mirefu, lakini wewe ndiye unayefika."

"Binti yako anakimbia hapa leo, si ndiyo?"

"Mbio za watoto, saa nne. Amelala na viatu miguuni."

Kwenye nyasi, watoto walikuwa wameanza kumiminika, namba zikiwa zimebandikwa vifuani. Meneja wa bustani aliwapokea juu ya kibanda, koti la suti limemkaa sawasawa, kipaza sauti cha mkononi kikining'inia begani.

"Hii ni hujuma!" alifoka. "Kanuni ya bustani ni kwamba bila kipimo cha asubuhi hakuna bendera, na bila bendera hakuna mbio. Wageni wako njiani. Nitafutieni mashine yangu!"

Inspekta alipiga magoti. Skrubu zilikuwa zimepangwa vizuri ndani ya kisosi. Waya ulikuwa umekunjwa na kufungwa. Na ule mrija wa kuvutia hewa, uliobaki ukutani, ulikuwa umezibwa kwa kifuniko chake cha plastiki.

"Sajenti, umewahi kuona mwizi anayeziba mrija ili usiingie vumbi?"

"Niliyemkamata juzi alikata waya kwa meno, afande."

"Basi huyu wetu anaipenda mashine." Akamgeukia mlinzi. "Mzee, nani wana ufunguo?"

"Mimi, bosi, na Mnong'ono."

"Mnong'ono ni nani?"

"Mtabiri wetu, yule binti. Hilo jina tumempa sisi. Akikusalimu unageuka kutazama kama ni upepo."

"Wewe ukifuta mashine, mrija unaufunika kwa hiki?"

Mlinzi alikitazama kifuniko, akakuna kichwa. "Hicho? Mimi siku zote nilidhani ni cha chupa."

Inspekta alitabasamu, akamgeukia meneja.

"Utabiri wa leo ulikuwaje?"

"Kijani."

"Alisema yeye?"

"Jana jioni alinong'ona jambo. Nikamwambia atangaze kijani." Meneja alinyoosha mkono juu. "Tazama anga, inspekta. Unaona moshi hapo?"

Anga ilikuwa kama imefuliwa. Ng'ambo ya maji tu, jalala la jiji lililoshika moto juzi lilikuwa bado linafuka, moshi wake ukielekea mbali nao.

Walimkuta mtabiri ofisini, amejikunyata kando ya kabati, anatetemeka. Dirisha lilikuwa wazi na baridi ya maji ilipenya mpaka kwenye mifupa.

"Binti, sweta lako liko wapi?"

Mtabiri alitazama viatu vyake.

"Mzee ana koti. Bosi wako ana koti. Hata sajenti wangu, mwenye damu ya moto, ana koti."

"Nimelisahau," alisema, kwa sauti iliyoishia kwenye meno.

"Wapi?"

Mtabiri alijisogeza zaidi nyuma ya kabati.

"Niambie basi. Mashine ile inavumilia vumbi?"

"Hapana."

"Unyevu?"

"Hapana."

"Nikiilaza kifudifudi chini ya kichaka?"

"Usiilaze!" Alishtuka mwenyewe kwa sauti yake. "Pampu itaharibika."

"Kwa hiyo ungeiweka mahali pakavu, pasafi, penye mlango. Sajenti, kachungulie kile chumba cha huduma ya kwanza tulichokipita."

Sajenti alirudi mbio. Mikononi alibeba mashine, wima, imefunikwa sweta la buluu mpaka shingoni kama mtoto mwenye homa.

"Ilikuwa kitandani, afande. Imeegemezwa mto!"

Machozi yalimtoka mtabiri. "Nimeichukua mimi. Upepo utageuka asubuhi hii hii. Moshi wote wa jalala utakuja hapa, na mtoto anayekimbia anauvuta mpaka ndani kabisa. Nilimwambia bosi. Nikamwambia tena. Akasema nisimharibie siku yake. Nikaona mashine isipokuwapo, mbio hazitakuwapo."

Sajenti aliiweka mashine mezani polepole. "Binti yangu ana pumu," alisema.

"Mashine imepatikana!" Meneja alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani. "Na kwa sasa hewa ni safi, kipimo kitafuata. Mzee, pandisha kijani! Huyo mwizi mpelekeni rumande."

Bendera ya kijani ikapanda. Filimbi ikalia. Watoto wakaanza kujipanga mstarini, wakisukumana na kucheka.

"Afande, wazuie!" Sajenti alikuwa tayari mlangoni.

"Nikisema mimi, tutabishana na meneja mpaka moshi utukute. Mimi ni wa wezi, upepo siujui." Inspekta alichukua kipaza sauti begani mwa meneja kabla hajajua kimeondoka, akakitia mikononi mwa mtabiri. "Kesi yako tutaizungumza baadaye, mwanangu. Ulificha mashine ili ikusemee. Haikukusemea. Haya."

Walimtoa mpaka kwenye ngazi. Alifungua mdomo, kipaza sauti kikapiga mluzi tu. Watoto wakacheka.

"Kwa nguvu, Mnong'ono!" mlinzi alimpigia kelele kutoka mlingotini.

Juu yake, bendera iliyokuwa ikielekea majini ililegea. Ikaning'inia kama kitambaa cha kufutia. Kisha ikajitikisa, ikageukia upande wao.

Mtabiri aliiona. Akavuta pumzi.

"Wazazi! Chukueni watoto wenu, ingieni ndani! Msikimbie! Jana nilitaka kusema hivi nikashindwa, sasa nasema: hewa inayokuja ni mbaya!"