Mzinga wa Daktari Nthiwa

Mzinga ule haukuwa na nyuki hata mmoja, lakini ulikuwa unavuma.

Kasiva aliinua kifuniko akamulika ndani kwa simu. Masega yalikuwa makavu. Harufu iliyompiga haikuwa ya asali, ilikuwa ya matope mabichi, na Kyuso haikuwa imeona mvua tangu mwaka uliopita.

"Daktari, huu tuuache," alisema.

Daktari Nthiwa alizidi kuuinamia mzinga. Alikuwa ameweka sikio kwenye mbao, amefumba macho.

Yeye ndiye aliyemchagua Kasiva, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, amsaidie kwenye utafiti wa nyuki na ukame. Alimfundisha kwa upole, na Kasiva alimpenda kama mzazi. Alijua pia, kama wengine chuoni waliokwenda mazishini, kwamba mtoto wa Daktari, Mulwa, alizama bwawani huko kwao Mukuyuni, na kwamba tangu siku ile mwalimu wao hakucheka tena.

Tangu alipousikia mzinga ule ukivuma, Daktari aliisahau mizinga mingine. Chakula alikionja tu. Jioni moja Kasiva alimfuata, akamkuta amepiga magoti mbele ya mzinga ule.

"Umekula? Baridi inakushika?" alikuwa akinong'ona.

Na kutoka ndani ya mzinga, chini ya ule mvumo uliokuwa ukipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala, ikatoka sauti ndogo, yenye maji kooni, sauti ya mtoto aliyelia mpaka akachoka, ikisema, "Baba, nitoe."

Kasiva alikimbia hadi kwa Awo, mfanyabiashara wa mbuzi aliyewapangisha vyumba.

"Huyo si mtoto, mamangu," Awo alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Mume wangu lilimwita kwa sauti ya dada yake aliyekufa. Alienda, hatukumwona tena."

Asubuhi Awo alimleta Sheikh Abdiwahid. Sheikh aliusikiliza mzinga, akarudi nyuma.

"Mimi nitasoma," alimwambia Daktari, "lakini wewe ndiye unayeliitikia. Lazima ulikatae kwa mdomo wako. Sema, wewe si mwanangu."

"Siwezi." Daktari alimgeukia Kasiva. "Wewe ulimsikia. Si ni yeye?"

"Mulwa tulimzika, Daktari," Kasiva alisema huku akilia. "Nilikuwa hapo. Tulimzika."

Daktari aliupapasa mzinga kwa kiganja. Kisha akasema, polepole, "Wewe si mwanangu," akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Sheikh alisoma. Awo akamwaga mafuta ya taa na kuwasha, na moto ulipoushika mzinga ile harufu ya matope ikajaa uwanja mzima, mvumo ukapanda mpaka mbuzi wakavunja zizi, halafu ukakatika ghafla, na kukabaki majivu tu.

Baadaye Awo alileta chai. Daktari alishika kikombe bila kunywa.

"Kasiva," aliuliza, "lilisema nini mwishoni?"

"Hakuna, Daktari. Lilinguruma tu, kama mnyama."

"Halikulia?"

"Halikulia."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akanywa. Kasiva akageukia upande wa zizi asionekane uso. Hakuweza kumwambia kwamba mle motoni mtoto aliacha kuita Baba, akaanza kulia akimwita mama yake.