Mabao Manne ya Siku ya Kwanza

Wakati huo uwanja wa zamani ulikuwa bado umesimama, ule wenye majukwaa ya saruji yaliyopasuka na geti moja tu la kutokea. Umati mzima ulikuwa ukiligombania geti hilo kwa mpigo. Ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu, na Zambarau, timu ya nyumbani, ilikuwa imefungwa nne bila. Refa hakuongeza hata dakika moja. Watu walisema amewahurumia.

Katika msukumano ule kiwiko cha mtu kilimgonga msichana mmoja usoni, miwani yake ikaruka.

"Usisogeze mguu!" sauti ya mwanamume ilisema karibu na sikio lake. "Iko hapo chini."

Mwanamume huyo alitanua mikono kuzuia watu, akainama, akainuka na miwani mkononi. Aliigeuzageuza kama daktari.

"Fremu imepona. Kioo cha kushoto ndiyo basi tena."

"Afadhali," msichana alijibu. "Leo sina hamu ya kuona."

Yule mwanamume alicheka. Hakuwa amecheka tangu bao la pili. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na skafu ya zambarau shingoni. Msichana alikuwa amevaa jezi ya marehemu baba yake. Ilimfikia magotini, naye alikuwa ameikaza kiunoni kwa mkanda mpana ikawa kama gauni. Kwenye kucha zake kulikuwa na unga.

"Mimi ni fundi miwani," mwanamume alisema. "Duka langu liko nyuma ya posta. Njoo Jumatatu."

"Na leo nitafikaje nyumbani na jicho moja?"

"La kwako moja, ya kwangu mawili. Matatu hayo, yanatosha kuvuka barabara."

Wakatoka pamoja. Nje ya geti mzee mmoja alikuwa amevua jezi yake na kuitupa kwenye mtaro, amebaki na fulana. Msichana alikwenda, akaiokota, akaikung'uta vumbi.

"Shika, mzee wangu. Zimebaki mechi ishirini na tisa."

"Binti, umeona walivyocheza?"

"Nimeona. Na baba yangu aliona mabaya kuliko haya, na Jumamosi iliyofuata alirudi. Vaa, utapigwa na baridi."

Mzee aliivaa. Aliivaa akinung'unika, lakini aliivaa. Fundi miwani alisimama pembeni akitazama, na ukweli ni kwamba moyo wake ulikwenda hapo hapo, kabla hata ya kumjua jina.

Jina lenyewe alilipata Jumatatu. Kazini kwa msichana huyo, kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha shangazi yake, kila mtu alimwita Hamira, kwa sababu akiingia asubuhi hata walioamka vibaya walichangamka. Naye Hamira alimpa mwenzake jina fupi: Miwani.

Siku hizo simu zilikuwa za vitufe, na dakika zilibanwa. Miwani alipiga kila siku saa nne asubuhi, mikate ikishatoka kwenye tanuri.

"Hamira wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na timu iliyo mkiani mwa ligi. Wewe?"

"Mimi naona dalili nzuri. Jana kipa alidaka."

"Alidaka mazoezini, mpenzi!"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Sisi tumeshakubali mabao manne. Basi, tumekuwa washindani wakubwa!"

Mechi ya pili walifungwa moja. Ya tatu wakatoka sare, na watu wachache waliobaki jukwaani waliishangilia sare hiyo kama kombe. Hamira alimrukia Miwani shingoni, kisha akaona haya, kisha akaona hakuna sababu ya haya. Mechi ya tano walishinda. Siku ile walirudi kwa miguu kutoka uwanjani, mkono kwa mkono, na harufu ya mikate ilikuwa kwenye nywele zake. Miwani aliikumbuka harufu hiyo miaka mingi baadaye.

"Mbona hukati tamaa, wewe?" alimuuliza njiani.

"Baba alinibeba mabegani kuja hapa. Tukifungwa alikuwa anasema, 'Twende nyumbani tukale, Jumamosi si mbali.' Hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia hiyo."

Miwani aliubana mkono wake. Yeye pia alikuwa na baba, na kuhusu baba huyo alikuwa amesema jambo moja tu: kwamba haendi uwanjani tena. Hakusema kwamba mzee alikuwa amepofuka, macho yakififia mwaka hadi mwaka mbele ya mtoto anayetengeneza miwani za watu wengine. Wala hakusema kwamba mzee alikuwa shabiki wa Nyekundu, mahasimu wakubwa, tangu ujana wake. Angesemaje? Siku moja dukani Hamira alikuwa ametamka, akicheka, "Mtu wa Nyekundu haingii nyumbani kwetu hata kama amekuja kuzima moto." Miwani alicheka naye, akaendelea kufuta kioo kilichokuwa safi tayari.

Ikafika siku ya Zambarau na Nyekundu. Asubuhi simu ililia mapema.

"Mpenzi, nisamehe. Leo siji. Baba hajisikii vizuri, nitakaa naye."

"Jamani, mpe pole. Nitapiga kelele za watu wawili."

Na alizipiga. Mpaka dakika ya themanini, Nyekundu walipofunga na jukwaa la upande wa pili likalipuka. Hamira alitazama huko kwa hasira, na kati ya watu wote wale macho yake yakatua kwa mmoja. Shati jeupe, skafu nyekundu. Anaruka juu, mikono hewani.

Alitoa simu.

"Uko wapi?"

"Niko... niko na baba."

"Nyumbani?"

Kelele za uwanja zilijibu kwa niaba yake, zile zile kwenye simu na kwenye sikio lingine.

"Hamira, nisikilize kidogo—"

"Nyekundu imekupendeza," alisema, akakata.

Miwani alipiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne alikwenda kiwandani. Shangazi alijaza mlango mzima, mikono kiunoni.

"Hamira hayupo, mwanangu."

"Mwambie sipo, shangazi!" sauti ilitoka nyuma ya tanuri.

"Umesikia mwenyewe," shangazi alisema. Alimwonea huruma, akamfungia mkate wa moto, lakini hakusogea mlangoni.

Majuma yakapita. Zambarau ilianza kushinda kwelikweli: tatu bila, mbili moja. Watu walirudi jukwaani, na wale waliokuwa wamezichoma jezi zao wakaanza kutafuta mpya. Hamira alikwenda kila mechi. Siku ya zile tatu bila aligeuka kushoto kusema, "Umeona pasi ile?" akakutana na uso wa mtu asiyemjua, anayetafuna karanga. Akageuka mbele tena. Bao la tatu hakulishangilia.

Jumapili moja mchana simu iliita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye Hamira?" Sauti ya mzee, nzito, isiyo na haraka. "Mimi ndiye baba yake Miwani, kama unavyomwita. Siku ile nilikuwa nimekaa pembeni yake, hukuniona. Na mimi nisingekuona, maana sioni kitu."

Hamira alikaa kwenye gunia la unga.

"Njoo nyumbani, binti," mzee aliendelea. "Nataka kusikia mpira kutoka kwa mtu wa Zambarau. Huyu wangu ananipendelea."

Alikwenda na mkate mmoja kwapani, amevaa gauni la bluu ambalo shangazi alilazimisha. Mzee alikuwa kwenye kiti cha dirishani, kofia nyekundu kichwani. Chumba kilikuwa safi, kila kitu mahali pake, ili mkono usihangaike.

"Asubuhi ile aliamka kukaa nami," mzee alisema, "nikamwambia, mwanangu, nipeleke mara moja tu, nisikie uwanja kabla sijafa. Akanipeleka. Akanisimulia sikioni dakika zote tisini. Tulipofunga nikamwambia, ruka, ruka kwa niaba yangu, miguu yangu haiwezi. Akaruka. Lakini akinisimulia lile bao, sauti yake ilikuwa ya msibani. Nikajua moyo wake umekaa jukwaa lingine."

Hamira alijifuta macho.

"Mzee, si skafu iliyoniuma. Angepiga simu akasema, 'Mpango umebadilika.' Maneno mawili tu."

"Kweli," sauti ilisema nyuma yake. Miwani alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, amekonda kidogo. "Niliogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Niliogopa utanitaka nichague. Wewe au yeye."

"Kwa sababu ya maneno yale ya kuzima moto? Ule ulikuwa mdomo wa mpira, Miwani! Baba yako angekuja kwetu na kofia yake hiyo, ningemkatia mkate mwenyewe!"

"Basi kata," mzee alisema. "Njaa inauma."

Wakacheka wote watatu, na chai ikamwagika kidogo sakafuni. Miwani alipoinama kufuta, Hamira aliinama naye, akamnong'oneza, "Ukinidanganya tena, hata shangazi hatakupa mkate."

"Sitarudia, mpenzi. Haki ya Mungu."

Mechi ya mwisho ya msimu walikwenda watatu, mzee katikati. Kombe lilikuwa tayari la watu wengine, Zambarau walikuwa wa sita, lakini uwanja ulijaa, kwa sababu timu iliyoanza kwa kufungwa mabao manne ilikuwa imefika hapo kwa miguu yake. Hamira ndiye aliyesimulia.

"Winga anakwenda, anakwenda, kampiga chenga beki... kona, mzee! Ni kona yetu. Wanaandaa mpira..."

Akanyamaza.

"Kuna nini?" mzee aliuliza. "Wamepiga?"

"Bado. Mwanao ameniuliza swali."

"Swali gani katikati ya kona?"

"Anauliza kama nitakubali kuwa mkamwana wako."

Mzee alitafakari. "Na kona je?"

"Imepanguliwa. Wamepata nyingine."

"Basi mjibu upesi, hawajaipiga."

Hamira alimtazama Miwani juu ya ile kofia nyekundu. Alisema ndiyo, lakini watu walikuwa wamesimama na kelele zikaimeza. Ikabidi apige ukelele: "Nimesema ndiyo!"

Jamaa mmoja mnene wa safu ya mbele aligeuka, akawaangalia, akaelewa, akainua mikono yote miwili. "Kasema ndiyo!" Safu ikapokea, kisha safu ya juu yake, mpaka jukwaa zima likawa linashangilia, ingawa ubao bado ulisoma sifuri kwa sifuri.

Mzee alimshika Hamira mkono.

"Nani amefunga?"

"Sisi, baba," Hamira alisema.