Jibu Lililomezwa na Jaribio la Kumi na Saba

Siku ya soko Machakos, mwaka 2004, saiba, lile duka la intaneti, ilijaa hadi mlangoni. Ngui, aliyekuwa akiunda programu ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati, alikuwa akibonyeza kitufe kilekile tangu asubuhi.

"Unapiga ngoma ama?" aliuliza Kamene, msimamizi wa saiba, sketi yake ya kitenge ikimetameta.

"Majaribio ya programu yangu yanakwama."

"Hayajakwama. Yanangoja mtu ajibu. Wekea kila moja majibu yake kwa faili. Isisome kibodi, ama itameza kitu ya mwenyewe, chochote mtu anachapa."

Kamene akachapa mistari mitatu. Majaribio thelathini na tisa yakateremka kwenye skrini yenyewe, bila mkono wa mtu! Ngui aliduwaa, hajui atazame skrini au vile vidole vya Kamene.

"Aiya, funga mdomo, nzi wataingia! Imebaki moja, ya kumi na saba. Hiyo utajifanyia."

Ngui hakuifanya. Uvivu, jamani.

Wakapendana, na miezi sita ya simu za "umekula, mpenzi?" ikapita. Kusema ana kwa ana kulimshinda, akaandika kwenye kompyuta ya Kamene: "Utakubali nikuoe? Jibu hapa." Nyuma ya swali hilo, kwenye kompyuta hiyohiyo, majaribio yake yalikuwa yakiendelea. Akatoka mbio kujificha hotelini. Aliporudi, Kamene alikuwa ameenda likizo kwao Mumbuni, na chini ya swali hapakuwa na herufi hata moja. Amenikataa, aliwaza. Hakupiga simu. Kamene naye hakupiga.

Wiki tatu baadaye alifungua ripoti ya majaribio kutafuta kosa. Jaribio la kumi na saba, jina la mgonjwa: NDIO NGUI LETA MBUZI KWA BABA.

Alisoma mara tano. Muujiza wa namna gani huu? Akapiga simu.

"Kamene, ile ya kumi na saba sikuiwekea faili. Jibu lako liliingia huko."

"Nilikuambia nini?"

"Itameza kitu ya mwenyewe."

"Imemeza wiki tatu zangu, Ngui! Baba anafagia boma kila Jumamosi, mbuzi hakuna. Nilidhani umenichezea."

"Nisamehe, mpenzi. Naleta."

Jumamosi alifika Mumbuni na mbuzi watatu wa ntheo, jinsi Wakamba wanavyoposa. Kamene alisimama mlangoni, gauni la manjano, macho mekundu.

"Sasa uliza na mdomo," alisema.

Ngui akauliza.

"Ndio," Kamene akajibu, na safari hii jibu lilimfikia aliyeuliza.