Niite, Baba

Jua lilikuwa linaegemea vilima Verlin alipopakia ndoo na keekee ya kutobolea barafu nyuma ya pikapu. Kesho yake ulikuwa unatimia mwaka tangu mwanawe azame, na jamaa wangekuja kula pamoja ili kilio kipumzishwe. Ndugu walisema kuku wangetosha. Arvella, mkewe, ndiye aliyeshikilia kwamba lazima wawe samaki, trauti wa bwawa lile lile alimozama, kwa kuwa kijana aliwapenda mno.

"Usirudi na hadithi," alimwambia mumewe mlangoni. "Rudi na samaki."

Arvella alijaribu kutabasamu. Hakuweza.

Jina la kijana silitaji. Kwao aliyekufa haitwi tena kwa jina lake, asije akageuka njiani na kurudi. Mwaka mzima wazazi wake walisema "yeye" tu, tangu siku alipozama.

Bwawani hakukuwa na mtu. Nyika kavu pande zote, vichaka vikichungulia kwenye theluji, na upepo wa kuchoma masikio. Verlin akatoboa tundu, akashusha ndoano, akakaa juu ya ndoo. Trauti wa kwanza alikuja upesi, na wengine wakafuata. Barafu ikanguruma chini yake, kama inavyonguruma kila jioni baridi inapokaza, naye hakujali.

Kisha akasikia mtoto mchanga akilia.

Chini ya miguu yake...

Sauti hiyo Verlin aliijua kwa kusimuliwa. Tangu utotoni bibi yake alimwonya kwamba hao ni watoto wa maji, hulia ili uwaonee huruma, na anayeitika huwafuata. Akakaza meno, akaanza kukunja mshipi.

Kilio kikakatika. Kimya... Harufu ya matope na nguo mbichi ikapanda kutoka tunduni.

"Baba."

Mshipi ukamponyoka.

"Baba, huku giza. Niite."

Ilikuwa sauti ya mwanawe hasa, na ule mkwaruzo wa mafua yasiyoisha. Verlin alipiga magoti, akainama mpaka maji yakagusa ndevu zake.

"Niite kwa jina, Baba. Mara moja tu."

Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa tamu, na alikuwa amelikosa mwaka mzima. Verlin akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu, akanyakua ndoo, akakimbia. Nyuma yake sauti haikukasirika. Ililia tu, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Nyumbani, Arvella hakuuliza habari za samaki. Aliitazama damu mdomoni mwa mumewe, akanong'ona:

"Umemwita?"

Hapo Verlin akaelewa kwa nini kuku hawakutosha.

"Ulijua?"

"Nilimsikia wiki iliyopita, nilipopita pale bwawani. Niliogopa." Akajiachia sakafuni. "Nikasema, wewe ni baba yake. Wewe utamwita."

"Yule si yeye, Arvella."

"Na kama ni yeye?"

Kesho yake jamaa walikula, wakasifu trauti, wakaaga. Kilio hakikupumzika.

Siku hizi kila usiku Verlin hujilaza kiganja chake kikiwa karibu na mdomo wa mkewe. Usingizini midomo ya Arvella huanza herufi ya kwanza ya jina lile, na kila inapoanza, mbwa nje hunyamaza ghafla, na harufu ya matope hupenya chini ya mlango. Humziba mdomo taratibu. Machozi ya Arvella humlowesha vidole, naye Verlin hulia pamoja naye, bila sauti.

Kisha hujitahidi kukesha. Maana na yeye humwota mwanawe kila anaposinzia, na siku atakapopitiwa na usingizi mzito akalitamka jina lile, hakutakuwa na wa kumziba mdomo.