Kipande cha Udongo cha Mzee Shen

Jumanne ile Candide aliamka na hamu ya pemba, ule udongo wanaokula wajawazito. Mimba ilikuwa ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya ndoa na masimango ya mawifi. Duka la Waafrika lilikuwa limeishiwa.

Mumewe, Gervais, alimtania mlangoni. "Mtoto akizaliwa na kidole yangu, usinikasirikie, mama."

Kidole chake cha mwisho cha mguu kilikuwa kimepanda juu ya kidole jirani, kama cha baba yake. Candide alicheka mpaka kwenye lifti.

Alifanya kazi ya kumhudumia Mzee Shen, mjane wa Kichina, ghorofa mbili chini ya kwao, katika jengo lilelile la mtaa wa St. James Town, huko ughaibuni. Akipanga soksi, alikuta kitambaa chekundu kwenye droo. Ndani, kipande cha udongo wa kijivu. Kilinukia mvua ya kwanza ya kwao Bukavu. Na hamu ya mimba haina adabu. Alilamba, akamega, akatafuna chote.

Mzee alimkuta na midomo ya kijivu.

"Umekila?" alinong'ona.

"Ni udongo tu, Mzee."

"Ni mguu wa askari. Ujanani nilifukua jeshi la udongo la mfalme wa kale, nikauiba. Mwenyewe amekuwa akiufuata tangu siku hiyo." Akatazama tumbo lake. "Sasa ataudai kwako."

Candide ni mtu wa kanisa; alijikaza kutoamini. Lakini aliogopa, na udongo ulikwisha kufika tumboni.

Jioni, wakila, hatua zilisikika koridoni. Hatua moja nzito. Kisha mburuzo. Hatua. Mburuzo. Zikakoma mlangoni kwao.

Gervais alifungua. Hapakuwa na mtu.

"Gervais," Candide alinong'ona. "Mtoto hachezi."

Tumbo likawa zito. Likawa baridi.

Hospitali walitafuta mapigo ya moyo. Wakatafuta tena. Hawakuyapata.

Alikuwa msichana. Walimzika Jumamosi. Jeneza lile dogo lilibebwa na wanaume wanne, na bado walipokezana.

Wiki mbili baadaye Mzee Shen alimwita. Alivuta droo. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa upya.

Candide alikifungua. Ulikuwa mguu wa udongo, mdogo, wa kuenea kiganjani. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya jirani yake.

Aliugusa. Udongo ulikuwa bado mbichi.